Saa mbili na nusu asubuhi: shajara ya grafu za hisa za chama chetu, Kisumu

Jumamosi, 27 Septemba 2025. Tunachotaka

Chama chetu hapa Migosi kina watu tisa, na nusu ya michango tunainunulia hisa za Soko la Hisa la Nairobi. Shida yetu ni asubuhi. Soko linaanza kupokea maagizo saa tatu, biashara yenyewe inaanza saa tatu na nusu na kufungwa saa tisa alasiri. Ile nusu saa ya kwanza ndiyo tunayoipoteza kwenye WhatsApp: "Jana ilifunga ngapi?" "Nani ana bei ya KenGen?" Tukija kuelewana, soko limeshafunguliwa na bei tuliyokuwa tukibishania imeshatoweka.

Rekodi ya maana tuliyo nayo ni moja tu, nayo ni kaunta buku za Jaduong'. Huyu mzee wetu alinunua hisa za Safaricom mwaka 2008 zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5, akaanza kunakili bei za gazeti kila siku kwa biro, na hajaacha hadi leo. Anazo kaunta buku saba. Anazifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Nimepewa kazi hii kwa kuwa nafanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na nilijifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwa video. Lengo ni kwamba kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, grafu za kampuni 12 ziwe zimefika kwa wanachama. Tubishane kwa nusu saa, agizo liende kwa dalali saa tatu kamili. Naandika hapa ili chama kingine kikitaka kuiga kisipitie tulikopitia.

Jumamosi, 4 Oktoba. Vifaa, na Sh1,950 za ujinga

Laptopu eksi-UK, Sh16,500, kutoka duka moja la Oginga Odinga Street. Nimeweka Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta, wa bure), Python, pandas ya kushika majedwali na mplfinance ya kuchora. Ilikuwa kazi ya jioni moja, na maelekezo yamejaa mtandaoni, sitayarudia.

Kosa lilitangulia laptopu. Nilikuwa nimelipia tovuti ya grafu mwezi mmoja, Sh1,950, kwa sababu ilijinadi kwamba inaonyesha bei kabla soko halijafunguliwa. Jumatatu saa tatu asubuhi nikakaa na simu mkononi, chai pembeni. Hakuna kilichosogea. Saa tatu na robo, kimya. Nikazima rauta nikaiwasha. Saa tatu na nusu, bado. Ilipofika saa nne kasorobo na chai imepoa ndipo alama ya kwanza ikajitokeza.

Nilikuwa nimechanganya masoko mawili. New York wana biashara ya kweli kabla ya ufunguzi: watu wanauziana kuanzia saa kumi alfajiri ya kwao, na grafu inatembea. Nairobi hakuna kitu hicho. Kati ya saa tatu na saa tatu na nusu maagizo yanakusanywa tu, hakuna hisa inayobadili mwenyewe mpaka mfumo uyapatanishe kwa bei moja ya kufungulia. Pasipo na mauzo hapana cha kuchora. Juu ya hayo, data ya bei rahisi inacheleweshwa dakika 15. Ya papo hapo ina leseni yake na gharama yake, na si ya chama cha watu tisa.

Kwa hiyo tumebadili nia. Tunachohitaji kabla ya ufunguzi si grafu inayotembea. Tunahitaji grafu ya jana iliyokamilika na iliyo sahihi. Dalali wetu hutuma orodha ya bei kwa barua pepe baada ya soko kufungwa, kwa kawaida jioni, mara nyingine asubuhi ya pili. Skripti, yaani programu fupi niliyoiandika, inaifungua, inaongeza mstari mmoja kwa kila kampuni kwenye faili niliyoiita bei.csv, inachora, inatuma picha Telegram. Wenzangu walitaka WhatsApp, lakini Telegram inakupa roboti yake bure na inatii.

Jambo moja la kuangalia ukiiga: orodha yetu ina bei ya juu, ya chini na ya kufunga, haina ya kufungulia. Mshumaa, yaani kile kijiti cha grafu kinachoonyesha bei za siku moja (ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufunga), bila bei ya kufungulia hauchoreki. Nimetumia bei ya kufunga ya siku iliyotangulia mahali pake. Maana yake mshumaa wetu unaonyesha mabadiliko tangu jana, hauonyeshi yaliyotokea ndani ya siku. Wanachama nimewaambia, na wawili wameelewa.

Jumatano, 8 Oktoba. Chai iliyoanguka hadi sifuri

Leo picha za kwanza rasmi zimeenda, nikiwa nimeendesha skripti kwa mkono. Dakika mbili baadaye mweka hazina akapiga simu. Yule mama huwa hapigi, hutuma ujumbe.

"Bwana, hii kampuni ya chai imeanguka mpaka sifuri ama ni macho yangu?"

Nikafungua picha. Kweli, mshumaa mmoja mrefu kama mlingoti, kutoka bei ya kawaida hadi chini kabisa ya ukurasa. Kampuni nyingine zote zilikuwa sawa.

Hisa za chai, kama Limuru Tea au Kapchorua ya Nandi, zinaweza kukaa siku bila hata moja kuuzwa. Siku kama hiyo orodha inaweka kistari kwenye nafasi ya bei ya juu na ya chini. Skripti yangu ilikuwa imeagizwa: kisichokuwa namba kifanye sifuri. Ikafanya sifuri, na ikachora kwa utiifu.

Sasa kistari kinaachwa tupu, na siku isiyo na mauzo inachorwa nukta ndogo ya kijivu kwenye bei ya mwisho inayojulikana. Nimegundua kuwa nukta zenyewe ni habari. Kampuni yenye nukta nyingi ni ile ambayo siku ukitaka kuuza utakosa mnunuzi, na jambo hilo jedwali la bei halikuwa likitwambia.

Jumamosi, 11 Oktoba. Jaduong' na senti tano

Jana ilikuwa Mazingira Dei, soko limefungwa. Nilikuwa nimeshaandika sikukuu zote za mwaka kwenye orodha ili skripti isihangaike, nikajiona mjanja. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Leo kwenye kikao nilimpa Jaduong' laptopu aangalie miezi mitatu ya nyuma, ambayo nilikuwa nimeikokota kutoka ile tovuti ili Sh1,950 zisiende bure kabisa. Akavaa miwani, akafungua kaunta buku yake, akaanza kulinganisha siku kwa siku huku kidole kikishuka kwenye ukurasa. Tulikunywa chai tukamaliza. Halafu:

"Kijana wangu, hizi bei umetoa wapi? Hapa umenizidi senti tano. Hapa umepungua kumi. Hapa tuko sawa. Hapa tena umenizidi."

Nilidhani ni mkono wa mzee umeteleza. Tukachukua magazeti ya zamani yaliyokuwa yamefungia vyombo vya mama wa nyumba ile, tukapata kurasa tatu za bei. Gazeti na Jaduong' walikubaliana kote. Aliyekosea ni mimi.

Tovuti ilikuwa inatoa bei ya mauzo ya mwisho ya siku. Bei rasmi ya kufunga ya soko la Nairobi haihesabiwi hivyo. Ni wastani wa bei za siku nzima, kila bei ikipewa uzito kwa wingi wa hisa zilizouzwa kwa bei hiyo. Tuseme jana hisa ilifunga kwa 20.00, na leo hisa 9,000 zimeuzwa kwa 20.00 na 1,000 za mwisho kwa 20.50. Jumla ni Sh200,500 kwa hisa 10,000, kwa hiyo bei ya kufunga ni 20.05. Mwenye kutazama mauzo ya mwisho atakwambia hisa imepanda senti hamsini. Imepanda tano.

Nimefuta miezi yote mitatu. Tutajaza upya kutoka kwa kaunta buku, kwa mkono.

Jumatatu, 13 Oktoba. Picha za usiku wa manane

Jana nilimwomba mpwa wangu, anayesoma Maseno, aifanye skripti ijiendeshe yenyewe. Nilimwandikia: "Weka ianze saa mbili na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa." Yeye akaweka kwenye cron, kipima muda cha Linux:

30 2 * * 1-5

Yaani dakika ya 30 ya saa 2, Jumatatu hadi Ijumaa. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa mbili yake ni saa nane ya usiku wetu. Saa nane na nusu usiku wa leo simu nane zimelia kwa pamoja, picha 12 kila moja. Mke wa mwanachama mmoja ametaka kujua ni nani anayemtumia mumewe picha saa hizo, na jibu la "ni grafu za hisa" halikumridhisha.

Tumeweka 30 8. Toka leo, kila saa itakayoandikwa kwa ajili ya mashine inaandikwa kwa tarakimu nne, 0830, na ya binadamu kwa maneno.

Jumanne, 21 Oktoba. Siku ambayo haikuwepo

Wiki iliyopita hapakuwa na kikao. Jumatano ya tarehe 15 habari za kifo cha Raila Odinga zilipofika, Kisumu ilisimama, na hakuna aliyeuliza grafu. Ijumaa ya tarehe 17 ikatangazwa kuwa mapumziko kwa ajili ya mazishi ya kitaifa. Jumamosi tulikuwa uwanjani Mamboleo, kama mji mzima. Jumatatu, Mashujaa.

Leo asubuhi grafu zimetoka kwa wakati wake, safi kabisa, zikiwa na mshumaa wa Ijumaa tarehe 17. Soko lilikuwa limefungwa siku hiyo. Nikaangalia idadi ya hisa zilizouzwa: ilikuwa ile ile ya Alhamisi, kwa kila kampuni, hadi hisa ya mwisho.

Nilikuwa nimeiandikia skripti: chukua orodha mpya zaidi iliyomo kwenye barua pepe, ipe tarehe ya siku ya kazi iliyopita. Mashujaa ilikuwa kwenye orodha yangu ya sikukuu. Tarehe 17 haikuwepo, ingetoka wapi? Basi skripti ikachukua karatasi ya Alhamisi kwa mara ya pili na kuibatiza Ijumaa.

Nimeifuta ile orodha ya sikukuu niliyojivunia. Sasa tarehe inasomwa ndani ya orodha ya dalali yenyewe, pale juu ilipochapwa. Kama tarehe hiyo imeshaingia kwenye bei.csv, skripti haichori chochote. Inatuma ujumbe wa mstari mmoja: "Hakuna orodha mpya." Mistari minne ya Python imefuta mistari thelathini.

Ijumaa, 24 Oktoba. Mwaka 2012

Mvua za vuli zimeanza na radi za huku mnazijua. Jana usiku stima ilipotea saa nne, ikarudi alfajiri. Betri ya laptopu, ambayo muuzaji aliisifu sana, ilidumu dakika kumi na nne. Hilo nililitegemea. Sikutegemea kilichofuata.

Saa mbili asubuhi nikawasha mashine. Barua pepe ikakataa kufunguka, Telegram ikakataa, kivinjari kikasema kila tovuti si salama. Nikadhani intaneti ya nyumbani imekatika, nikanunua bando la Sh99 kwenye simu nikaunganisha. Yale yale. Saa tatu ikapita, wenzangu wakaagiza kwa kubahatisha. Ndipo jicho likaangukia pembe ya skrini: 1 Januari 2012.

Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi, inayoiwezesha mashine kukumbuka tarehe hata ikizimwa. Ya kwangu ilikuwa imekufa, pengine kabla haijapanda meli. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ukiwa mwaka 2012, vyeti vya 2025 bado havijaanza. Kwa kawaida Linux ingejirekebisha saa yenyewe kupitia mtandao, ila wiki iliyopita nilikuwa nimeuzima urekebishaji huo nikijaribu tarehe za uongo, nikasahau kuuwasha.

Fundi: betri ya CR2032 Sh100, kuifungua na kuifunga Sh300. Betri mpya ya laptopu Sh3,200. Kijisanduku cha betri cha kuishika rauta stima ikipotea, Sh2,800. Jambo lisilo na gharama: cron ikikuta mashine imezimwa kwenye saa yake, hairudii. Nimehamia kwenye kipima muda kingine cha Linux, cha systemd, na kuweka Persistent=true, ambacho kikiamka na kukuta kazi iliyopitwa, kinaifanya hapo hapo. Nimeizima laptopu makusudi jioni hii mara tatu, na mara zote tatu imeamka na kufanya kazi.

Jumatatu, 27 Oktoba. Yote ni kijivu

Jaduong' ana kabambe, na hataki simu nyingine. Kwa hiyo kuanzia leo, kila asubuhi karatasi zake zinachapwa saiba iliyo jirani na kwake. Leo zilikuwa kurasa tatu, Sh30. Saa mbili na dakika hamsini akanipigia:

"Zimepanda au zimeshuka?"

"Jaduong', si unaona rangi? Kijani zimepanda, nyekundu zimeshuka."

"Hapa yote ni kijivu."

Printa ya saiba ni ya wino mweusi. Kijani na nyekundu nilizozichagua kwa mapenzi yangu zinatoka kivuli kimoja, huwezi kuzitofautisha hata ukizisogeza dirishani. Usiku nimebadilisha: siku ya kupanda mshumaa ni mtupu, mstari wa pembeni tu. Siku ya kushuka umejazwa mweusi. Grafu sita kila upande wa karatasi, pande mbili, na saiba wanahesabu karatasi moja, Sh10. Mwanachama mmoja asiyetofautisha nyekundu na kijani, jambo ambalo hajawahi kutwambia, amesema sasa ndiyo anaziona kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 4 Novemba. New York imerudisha saa nyuma

Mpwa ana vihisa vyake vya Marekani kwenye simu na alitaka naye achorewe, hasa ile biashara ya kabla ya ufunguzi. Nilimwekea wiki mbili zilizopita kwa haraka: chukua saa ya New York, ongeza saba. Soko lao hufunguliwa 0930, kwetu 1630, yaani saa kumi na nusu jioni. Biashara ya kabla ya hapo inaanza 0400 yao, saa tano asubuhi yetu. Ilienda vizuri.

Jana saa kumi na nusu programu ikatangaza soko limefunguliwa. Akatazama kiasi cha mauzo, kidogo mno, akadhani hisa zake zimesusiwa na akakaribia kuziuza. Soko halikuwa limefunguliwa. Jumapili ya tarehe 2 Wamarekani walirudisha saa zao nyuma, na tangu hapo ufunguzi ni saa kumi na moja na nusu jioni kwetu hadi Machi. Sisi tunaovuka ikweta pale Maseno kila tukienda shule, kusogeza saa kufuata jua ni jambo ambalo halimpiti mtu kichwani.

Kujumlisha saba nimekutoa. Saa zote za kule zinaitwa kwa jina la eneo, America/New_York, na za huku Africa/Nairobi, Python inajua yenyewe ni lini kunatofautiana saa saba na lini nane. Nimemwambia pia asiamini sana bei za kabla ya ufunguzi: zinafanywa na watu wachache, na wengine wakiamka huwa wanaziondoa.

Jumamosi, 15 Novemba. Asilimia kumi, na kaunta buku ya kwanza

Wiki mbili grafu zimefika kwa wakati bila mimi kugusa kitu. Muda huo nimekuwa nikiingiza kaunta buku za Jaduong', na hapa nimepata chujio bora kuliko yote niliyoyaandika. Soko la Nairobi haliruhusu bei ya hisa kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, isipokuwa kwa sababu maalumu. Basi nimeiagiza skripti: ukikuta siku imeruka zaidi ya hapo, simama uniite.

Imeniita mara 31. Ishirini na tisa yalikuwa makosa yangu ya kuandika, desimali iliyosogea, 3 iliyogeuka 8. Moja ni ya Jaduong' mwenyewe, akakubali kwa shingo upande. Ya mwisho ilikuwa Equity, mwaka 2009, bei imeporomoka hadi sehemu ya kumi. Nikashtuka, kisha nikaona pembeni ya ukurasa, kwa biro nyekundu: "1 = 10". Mwaka huo kila hisa moja ya Equity iligawanywa kuwa kumi. Bei zote za kabla ya mstari ule nimezigawa kwa kumi na idadi ya hisa nimeizidisha kwa kumi, na jabali limegeuka kuwa kilima cha kawaida.

Alama zake nyingine nyekundu ni herufi G, siku ya kufungwa rejista ya gawio. Bei huelekea kushuka karibu na siku hiyo kwa kuwa mnunuzi aliyechelewa hatapata gawio hilo. Hizo sijazirekebisha. Nimeweka pembetatu ndogo chini ya mshumaa, mtu aione asiogope.

Gharama hadi leo: laptopu 16,500, tovuti 1,950, betri ya saa na fundi 400, betri ya laptopu 3,200, betri ya rauta 2,800, karatasi za Jaduong' 170, bando lililopotea bure 99. Jumla Sh25,119. Mweka hazina amekubali yote isipokuwa 1,950 na 99, hizo ni zangu.

Kilichobaki ni miaka ya kati. Nimefika mwisho wa 2010. Kaunta buku ya 2011 iliwahi kunyeshewa bati lilipovuja, wino umetambaa na kurasa zimeshikana. Nimezitenganisha kwa kisu cha siagi na kuzianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, na Jaduong' amekaa chini yake kwenye kiti akisoma kwa sauti anachokumbuka.